Rafiki Aliyekataa Kushona Gauni

Mke wa kaka yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata kaka yangu mwenyewe. Mimi ni wifi yake. Kwa miaka kumi na minne tumekaa katika chumba kimoja cha duka, yeye kwenye cherehani karibu na dirisha, mimi kwenye meza ya pasi karibu na mlango. Kazi yangu ni kutia vifungo, kukunja pindo na kunyoosha nguo. Kazi yangu nyingine, ambayo hakuna aliyeniajiri kwayo, ni kuzungumza. Nasema mapema ili umjue anayekusimulia: ulimi wangu hauna breki, na kisa hiki ndicho pekee nilichowahi kukinyamazia maishani. Leo nakisema kwa ruhusa ya wenyewe wawili.

Wa pili ni Kengele. Wazazi wake walimpa jina jingine zuri tu, lakini nani analikumbuka? Alikuwa mwoka mikate, mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu, na kanisani ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Sauti yake ikipanda, hata waliokuja kwa mazoea hushtuka wakakumbuka wamefuata nini pale.

Urafiki wao ulianza kwa ugomvi. Fundi alikuwa ameahidi kumaliza majoho ya kwaya siku ya Ijumaa. Mafundi cherehani mnawajua, Ijumaa yao haina mwezi. Ijumaa ya kwanza akasema uzi umekwisha. Ya pili, umeme umekatika. Ya tatu Kengele akaja mwenyewe, unga ungali kwenye nyusi zake, akakuta kitambaa kimekunjwa kwenye rafu vile vile kilivyoletwa, hata mkasi hakijauona.

Akakitazama. Akamtazama Fundi.

"Fundi, Jumapili nilikuona unaomba mpaka leso ikalowa. Jana ukaniambia kwenye simu umebakiza mikono tu. Mikono ya nini? Sasa mimi nauliza, huyo Mungu unayemwomba, simu zako hazisikii?"

Mimi nilicheka, nikajifanya nakohoa. Fundi hakucheka. Alinuna siku mbili, akasema yule mwanamke ana mdomo mchafu. Siku ya tatu akaniambia, "Wifi, mdomo wake si mchafu. Kilicho kichafu ni Ijumaa zangu." Akatoa kalenda kubwa, akaipigilia ukutani, akaanza kuandika tarehe za kweli, na mteja aliyetaka nguo kesho aliambiwa usoni kwamba kesho haiwezekani. Tulipoteza wateja kadhaa. Waliobaki hawajaondoka mpaka leo.

Tangu hapo wale wawili wakawa chanda na pete. Kila Jumamosi mchana Kengele alikuja na mkate uliotoka tanurini umepinda, ule usiofaa kuuzwa, tukaula kwa chai huku wakibishana. Walibishana juu ya mahubiri, juu ya waume zao, juu ya namna ya kukata kitunguu. Fundi akitaka kujua kama gauni jipya limempendeza, hakuniuliza mimi wifi yake, maana mimi ningesifu tu. Alimngoja Kengele, na Kengele angesema, "Limekupendeza mbele. Nyuma umefanana na godoro."

Basi ilipita miaka. Mume wa Kengele alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu mpole anayerudi nyumbani siku nne au tano kwa mwezi. Watoto wao walikwisha kuolewa na kuoa, kila mmoja na mji wake. Ndipo mama yake Dereva alipoanza kusahau. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kwa miaka mingi, mama msafi, mkali kidogo. Kwanza alisahau sufuria jikoni. Halafu akasahau njia ya kurudi kutoka sokoni. Mwishowe Dereva akamleta kwake, na sisi sote tukaanza kumwita Bibi.

Kengele alimpokea vizuri. Huo ni ukweli na lazima usemwe. Alimpa chumba chenye dirisha la jua la asubuhi, akamnunulia shuka mpya, akamsuka nywele mwenyewe. Kulikuwa na mpwa wa Dereva, binti aliyekaa na Bibi wakati Kengele yuko kazini. Kengele alitoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa nane mchana, na tukimwuliza, Bibi hajambo? alijibu, "Hajambo, yuko na mjukuu wake."

Mwaka mmoja ukapita hivyo. Akina mama wa kanisani wakakaa kikao, wakasema wakwe wa siku hizi hawapendani, tuwape vijana mfano. Wakaamua kumtuza Kengele mbele ya kanisa kwa jinsi anavyomlea mama mkwe wake. Zawadi ikawa magauni mawili ya kufanana, moja lake na moja la Bibi. Mwenyekiti wao, mama mmoja mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alikileta kitambaa dukani kwetu mwenyewe: cha rangi ya zambarau, kizito, kinachoteleza mkononi kama maji.

Fundi akafurahi kama ni yeye anayetuzwa. Vipimo vya Kengele alikuwa navyo kichwani. Vya Bibi hakuwa navyo.

"Chukua vya gauni lake la zamani," Kengele alimwambia Jumamosi ile. "Nitakuletea."

"Gauni la zamani la nini? Wazee hupungua. Nitakuja nimpime dakika tano."

"Usijisumbue, dada. Siku hizi hapendi wageni."

"Mimi tangu lini ni mgeni?"

Kengele akabadilisha mazungumzo, akaanza kulalamikia hamira. Mimi sikuona kitu. Fundi aliona, maana usiku huo alimwambia kaka yangu kwamba Kengele amekataa swali, na Kengele hakatai swali. Lakini alidhani labda nyumba ni chafu, labda wanaona aibu ya harufu ya mgonjwa. Akasema atakwenda tu, ampime, na kama ni usafi atasafisha.

Jumanne asubuhi, kama saa tatu, akatia utepe wa kupimia mfukoni akaenda. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena, akasikia sauti ndani, si ya kuitikia, kama mtu anayenong'ona hesabu: "Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu." Ufunguo wa akiba ulikuwa chini ya chungu cha maua, Kengele alikwisha kumwonyesha. Akafungua.

Nyumba ilikuwa safi. Sebule imefagiwa, vyombo vimeoshwa, vitambaa vya makochi vimenyooka. Chumba cha Bibi kilikuwa kimefungwa kwa komeo la nje. Komeo lenyewe lilikuwa jipya, linang'aa.

Bibi alikuwa kitandani, amekaa nusu amelala nusu, mkono wake wa kulia umefungwa kwenye ubao wa kitanda. Alikuwa amejilowesha. Pembeni kulikuwa na kikombe cha plastiki ambacho mkono wa kushoto usingekifikia. Mkono uliofungwa ulikuwa na alama, nyingine mbichi, nyingine zimekwisha kuwa nyeusi. Na kilichoufunga kilikuwa mkanda wa joho la kwaya, wa buluu. Fundi alitazama pembeni mwa mkanda akaona mshono uliorudiwa mara mbili. Anaujua mshono wake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Bibi akamwangalia. "Kengele imelia?" akauliza. Alikuwa anauliza kengele ya shule. "Watoto watoke?"

"Imelia, mama," Fundi akasema. "Watoke."

Akamfungua. Akachemsha maji, akamwogesha, akabadilisha shuka, akampa chai na mkate, na Bibi akala kama mtu aliyesafiri. Mpwa hakuwepo. Wala hapakuwa na dalili ya mpwa: kitanda chake kilikuwa kimesimamishwa ukutani, kimefunikwa gazeti. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa ameolewa na kuondoka miezi minne nyuma.

Fundi alinipigia simu. "Wifi, sirudi leo. Waombe wateja radhi."

"Kuna nini? Bibi anaumwa?"

"Niombee," akasema, akakata. Mimi niliyezoea kujua kila kitu nilikaa siku nzima nikipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi.

Aliniambia baadaye kwamba saa zile za kumngoja Kengele zilikuwa ndefu kuliko uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Mwanzoni aliomba Mungu amwadhibu. Aliomba hivyo kabisa, kwa sauti, Bibi akaitikia "Amina" bila kujua anaitikia nini. Hiyo "Amina" ikamshtua. Akaacha ombi lile. Akakumbuka mikono ile ile iliyokaza mkanda ilivyowahi kumkandia mgongo siku alipofiwa na mama yake, siku nne mfululizo, bila kuambiwa. Akafikiri kwenda kwa mchungaji. Akafikiri kumpigia Dereva huko aliko. Halafu akajiuliza, kama ningekuwa mimi, ningetaka asikie nani kwanza? Tumefundishwa tangu utotoni kwamba ndugu akikosea, huanzi kwa jirani, unamwendea mwenyewe, wewe na yeye. Ni rahisi kulikariri. Siku ya kulifanya, linakuwa zito. Wifi yangu alikwenda nyuma ya nyumba, akanawa uso, akarudi. Ombi lake la pili likawa fupi: "Bwana, nipe maneno ambayo na mimi ningeweza kuyapokea."

Saa nane na robo Kengele akaingia, mkate kwapani. Akamwona Bibi sebuleni kwenye kochi, amechanwa nywele. Akamwona Fundi. Mkanda wa buluu ulikuwa juu ya meza.

"Umeingiaje?"

"Kwa ufunguo wako. Kaa, mwenzangu."

"Nyumba yangu nakaa nikitaka." Lakini akakaa. "Kwanza hujui. Hujui kitu! Mwezi uliopita aliwasha jiko akalaza mtandio juu yake. Majirani ndio waliozima. Juzi nimemkuta barabarani na nguo ya ndani tu, malori yanapita. Nifanyeje? Niache kazi? Nimfunge nani, nijifunge mimi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila Jumapili watu wananishika mkono: hongera, mkwe wa mfano. Nikuambie nini, kwamba mkwe wa mfano anamfungia mama wa watu kama mbuzi?"

Neno hilo lilipomtoka, yeye mwenyewe alilisikia. Akaziba mdomo. Kisha aibu ikageuka hasira, kama inavyogeuka kwa watu wengi.

"Na wewe umekuja kunipeleleza! Mama mkwe wako alikufa akili zake zote kichwani, akabarikiwa akaenda. Wewe hujawahi kuosha shuka la mtu anayekutukana. Hujui. Ondoka kwangu."

Fundi akasimama. Sauti yake, Kengele ameniambia mwenyewe, haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nitaondoka. Lakini siondoki bila kukuambia, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuambiwa. Umechoka, hilo naliona, na nimekosa kwa kutoliona mapema. Miezi yote hii nakula mkate wako, sijaja hata siku moja kumsalimu Bibi. Hilo ni langu, nalitubu. Lakini hili la mkono wake ni lako. Ni dhambi, dada. Siyo bahati mbaya, siyo uchovu tu. Ungekuwa uchovu tu, usingelificha."

Kengele akautazama mkanda pale mezani.

"Kesho saa kumi na nusu alfajiri nitakuwa mlangoni pako. Utanipa Bibi, nitakaa naye dukani mpaka utoke kazini. Na kesho kutwa, na siku zote. Usipotaka kuniongelesha, usiniongeleshe, nipe tu Bibi. La pili, mwambie mumeo. Mwambie wewe, asisikie kwa mtu. Usipomwambia ndani ya wiki mbili, nitakuja na mke wa mchungaji, tukae watatu. Sitakwenda kwa mtu mwingine. La tatu, lile gauni sishoni."

"Utamwambia nini mwenyekiti?"

"Kwamba sijapata vipimo. Ni kweli, sijapata."

Alipofika mlangoni akageuka. "Nakupenda, Kengele. Ningekuwa sikupendi, ningekwenda zangu nikanyamaza." Kengele akautupa mkate mlangoni. Ulimpata Fundi begani. Akauokota, akaupangusa, akauweka mezani, akaondoka.

Kesho yake nilifika dukani nikamkuta Bibi amekaa kwenye kiti changu. Fundi aliniambia mambo mawili tu: kwamba Bibi atashinda nasi, na kwamba nikiuliza swali lolote atanifukuza kazi, uwifi tutauzungumza baadaye. Lakini macho ninayo, na Bibi alikuwa na mkono wenye alama. Nilielewa. Nilichemka. Nilitaka kukimbia mtaani nikitangaza. Fundi akafunga mlango wa duka, akanishika mabega.

"Wifi, ukilisema hili nje, utakuwa umemfunga Kengele mkono ule ule. Naye hatatoka tena kitandani. Unanisikia?"

Nikasema nasikia. Ile wiki nilipungua, naapa. Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na nilitembea nayo kama mtu aliyeficha kuku kwenye mkoba.

Bibi alitufaa kuliko tulivyotarajia. Fundi alimpa bati la vifungo, mamia ya vifungo vilivyochanganyika, na Bibi akaanza kuvipanga kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha akavichanganya na kuanza upya, akiimba hesabu. Hakutaka kutoka wala kwenda popote. Wateja walipoingia aliwatazama kwa ukali wa darasani. Mzee mmoja, mkubwa wa ofisi, alikuja kupima suruali, Bibi akamwambia, "Wewe, umenawa mikono? Nionyeshe." Yule mzee akaonyesha mikono, mbele na nyuma. Tangu siku hiyo kila akija hunawa kwanza.

Kwa upande wa Kengele ilikuwa kimya. Kila alfajiri alifungua mlango, akamtoa Bibi amevaa vizuri, akampa Fundi mfuko wenye nguo za kubadilisha, bila salamu. Saa nane alikuja mpaka mlango wa duka, akasimama nje, akamchukua. Jumamosi hakuja na mkate. Jumapili aliimba macho chini, na sauti yake ilikuwa kama sufuria yenye ufa. Nilimwona Fundi anashona akikosea, anafumua, anashona tena. Siku moja aliniambia, "Labda nimempoteza." Nikamwambia ajipe moyo. Akasema, "Hapana, nimehesabu hilo kabla ya kusema. Lakini kuhesabu ni kitu kimoja, kuishi nako ni kingine."

Siku ya tisa Kengele alitoka kazini mapema kidogo. Tanuri moja liliharibika, wakaruhusiwa. Alifika saa saba hatujamtegemea, na mlango ulikuwa nusu wazi. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya Bibi, anampaka mafuta kwenye mkono. Alipoushika juu kidogo, pale penye alama, Bibi akarudi nyuma akajikunyata.

"Usinifunge," akasema kwa sauti ndogo ya mtoto. "Nitatulia. Nitatulia, sitakwenda jikoni."

Mimi ndiye niliyegeuka nikamwona Kengele mlangoni. Unga nyusini, mfuko mkononi. Alisimama kama aliyepigwa. Kisha akaingia, mara ya kwanza baada ya siku tisa, akapiga magoti karibu na Fundi, wanawake wawili wazima chini kwenye vipande vya nyuzi, akaushika mkono wa Bibi kwa vidole viwili tu, kama kitu cha moto.

"Mama, nisamehe."

"Umefanya nini?" Bibi akauliza.

"Nilikufunga. Ni mimi. Nilikufunga mkono, nikakuacha peke yako."

Bibi akamtazama kwa makini. Akatikisa kichwa. "Hapana. Yule ni mwanamke mwingine. Wewe ndiye unayeimba." Akampigapiga kichwani, akarudi kwenye vifungo vyake.

Kengele akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kanisani wala msibani. Mimi nilifunga mlango wa duka na kusimama nje kuwaambia wateja tunafagia. Lakini dirisha lilikuwa wazi, nami nilisikia.

"Hawezi kunisamehe," Kengele alisema. "Hanijui kuwa ni mimi. Nitamwomba nani sasa?"

"Mwombe anayejua kwamba ni wewe," Fundi akasema. "Yeye hajasahau kitu, na bado anasamehe. Tuombe wote, hata mimi ninayo yangu."

Wakaomba palepale. Sitasema walichoomba. Hilo halikuwa langu, ingawa nilikuwa dirishani.

Jioni ile Kengele alimpigia mumewe. Alisimulia kila kitu, hata komeo. Dereva aliuliza mama yuko wapi sasa hivi. Halafu akasema, "Nakuja." Alifika baada ya siku tatu. Alimkuta mama yake amelala, akakaa chini karibu na kitanda na viatu vyake vya safari. Alikasirika, ndiyo, walipita siku ngumu mle ndani, hakula chakula cha mkewe siku mbili. Lakini alikuwa mtu wa haki, na mwishowe akasema, "Mimi nilimleta mama, nikawasha gari nikaenda. Mpwa wangu alipoolewa, sikuuliza nani anabaki naye. Nilikuachia wewe, nikasema tunamlea." Akaomba safari fupi kazini, zile za kwenda na kurudi, na akazipata baada ya miezi miwili.

Ikabaki sherehe ya akina mama. Mwenyekiti alikuja dukani mara mbili kuulizia magauni, nami mara zote mbili niliuma ulimi mpaka nikaonja chumvi. Kengele mwenyewe alikwenda kwenye kikao chao. Fundi alimsindikiza, akakaa karibu naye, bega kwa bega. Kengele akasimama, akasema hastahili zawadi, akasema kwa nini. Hakujificha nyuma ya uchovu wala hakujipaka matope kupita kiasi. Alisema alichofanya.

Mwanamke mmoja alichukua mkoba wake akatoka, na mpaka leo hamsalimii Kengele. Hilo nalo ni matunda yake, na Kengele halalamiki. Lakini mwingine, mke wa fundi bomba, akasema polepole kwamba kwake kuna baba mkwe asiyeinuka, na kwamba wiki iliyopita alimpiga kofi. Wa tatu akaanza kulia kabla hajasema kitu. Mwenyekiti akavua miwani, akaipangusa, akasema kikao cha zawadi kimefungwa, sasa tukae tuzungumze kazi. Siku hiyo wakagawana siku: nani anakaa na mzee wa nani, asubuhi gani. Kitambaa cha zambarau kikawa mapazia ya chumba cha wazee nyuma ya kanisa, ambako mpaka sasa wagonjwa watano au sita hushinda mchana, na akina mama hupokezana zamu.

Sitaki mfikiri mambo yalinyooka kama pasi imepita. Kengele aliwahi kumfokea Bibi tena, akaja dukani kusema kabla hajaulizwa. Urafiki wao ulikuwa na kovu kwa muda. Zilipita Jumamosi kadhaa wakinywa chai kwa adabu mno, "karibu sukari", "asante, dada", mpaka nikaona bora wagombane. Siku Kengele alipomwambia Fundi kwamba kola ya shati la mchungaji imekaa kama sikio la punda, nilishukuru Mungu kimoyomoyo.

Bibi aliishi miaka miwili na miezi kadhaa baada ya hapo. Alifariki Alhamisi moja saa kumi alasiri, kitandani kwake, dirisha wazi, Kengele akimchana nywele. Hakuumwa sana. Aliuliza tu kama watoto wote wamefika, Kengele akamwambia wamefika, akatulia.

Tulimzika Jumamosi. Watu walipotawanyika na Dereva akabaki na ndugu zake, Kengele alitembea moja kwa moja mpaka nyumbani kwa kaka yangu. Hakubisha hodi. Akaingia chumbani kwa Fundi, akajitupa kitandani na nguo zake za msiba na viatu vyake, akalala hapo hapo. Fundi alimfuata, akamvua viatu kimoja kimoja, akamfunika miguu, akafunga pazia. Akanifukuza mlangoni kwa mkono, akavuta kiti, akakaa.

Alilala mpaka jua likashuka. Alipoamka akasema ana njaa, na kwamba mto wa Fundi ni mgumu kama gogo, mtu anawezaje kulalia kitu hicho miaka yote?

"Ungelala kwako," Fundi akamjibu, akaenda kumkaangia mayai.